Tulivyokwenda Kuposa Saint Paul Bila Kukusudia

Tangu nirudi sijanywa chai kwa amani pale chumba cha walimu. Kila mmoja ananivuta pembeni: "Mwalimu Sekela, hebu niambie mimi tu, ni kweli ulikwenda Marekani kutafiti historia ukaishia kwenye posa ya bibi wa miaka sabini na saba?" Ni kweli. Na kwa kuwa kila anayesimulia anaongeza chumvi yake, hadi juzi nimesikia eti mimi ndiye niliyetoa mahari, nimeona niandike mwenyewe. Habari za viza, tiketi na mihuri siziandiki. Nikizikumbuka tu presha inapanda.

Mnajua nilichofuata. Miaka ya sitini ya Wamarekani, ule muongo walioingia na sura moja wakatoka na nyingine: ubaguzi wa rangi ukatikiswa, wanawake wakadai nafasi yao, vita ikagawanya nyumba, nywele zikarefuka na sketi zikafupika. Mimi nilidai kwamba mabadiliko yale hayakupita barabarani tu, yaliingia hadi jikoni kwa watu. Profesa wangu akanijibu kwa upole wake ule unaouma: "Magazeti unayo, sheria unazo. Mtu huna. Niletee mtu mmoja aliyefikiwa na muongo ule nyumbani kwake, asimulie kwa sauti yake mwenyewe. Usipompata, sura ya tano ya tasnifu yako imekufa, na bila sura ya tano sijui utatetea nini." Nilikuwa na wiki tatu, na baada ya hapo likizo yangu ya masomo inakwisha. Mchezo ndio huo.

Iringa hadi Dar es Salaam

Safari ilianza kwa vitunguu. Pale Ruaha Mbuyuni dereva alishuka "dakika mbili" kununua vitunguu vya mke wake, akarudi baada ya nusu saa na mifuko minane ya wavu, akiwa amegombana na muuzaji na kupatana naye tena. Mikumi tukasimamishwa na tembo. Tembo hana haraka, na dereva wetu, aliyekuwa mkali kwa wauza vitunguu, hapo alikuwa mpole ajabu.

Jirani yangu kitini alikuwa mama wa Ilula mwenye kikapu cha mayai mapajani. Akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia Marekani, kuwauliza wazee wao maisha yao ya zamani.

"Ala! Huku kwetu wazee wamekwisha?"

Nikamweleza habari ya utafiti na shahada hadi Morogoro. Akanisikiliza vizuri sana, kisha akasema, "Haya mwanangu, nenda. Ila mzee haulizwi. Mzee anakaliwa karibu, akitaka atasema." Nikamwona hajui mambo ya chuo kikuu. Nikafumba macho nikajifanya nimelala.

Dar hadi Minneapolis, kupitia Uholanzi

Kutoka Uholanzi nilikaa na mzungu mmoja mrefu, mkulima wa mahindi wa Minnesota, aliyekuwa anatoka kwetu kuchimba visima na watu wa kanisa lake. Akanitahadharisha mapema: "Sisi watu wa Minnesota si waongeaji." Kisha akaongea saa nane. Nilijua majina ya ng'ombe wa babu yake. Nilijua kona ya shamba inayotuamisha maji. Nilipomuuliza kuhusu miaka ya sitini akanyamaza kwa mara ya kwanza, akafikiri, akasema, "Tulipanda mahindi." Jamani!

Uwanja wa ndege, yule afisa wa kugonga mihuri aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikasema, kutafiti miaka yenu ya sitini. Akainua macho. "Ungeongea na mama yangu." Mwenzake wa dirisha la pili akadakia, "Wako? Wangu mimi alichoma sidiria." Wakaanza kubishana mama wa nani alikuwa mkorofi zaidi, foleni nyuma yangu inanuna. Nilitoka pale nimejaa matumaini. Nchi iliyojaa mashahidi namna hii nitashindwaje?

Richfield

Nyambura alinipokea kwa kelele na kunifungia ndani ya koti kubwa kabla hata hatujasalimiana vizuri. Huyu ni Mkenya niliyekaa naye chumba kimoja tulipokuwa tunasoma Nairobi. Siku hizi ni nesi, anakaa Richfield na mumewe Kariuki na watoto wawili. Ilikuwa Aprili mwaka 2016, mwezi ambao kwetu ni wa masika, na kule theluji bado ilikuwa inaanguka bila aibu.

Watoto wake niliwasalimu kwa Kiswahili, wakanijibu kwa Kiingereza, nikawauliza tena kwa Kiswahili, wakajibu tena kwa Kiingereza. Tuliishi hivyo wiki tatu na tulielewana kabisa. Ugali tulikula wa unga wa mahindi wa dukani, na sukuma wiki ya kununua kwenye maduka ya Waafrika kule Cedar-Riverside, ambako ukishuka kwenye treni unakutana na harufu ya viungo kabla hujaona mtu.

Shemeji Kariuki inabidi nimweleze, maana ndiye mwenye kesi. Kwa kazi ni mhasibu. Kwa sifa ni msemaji wa posa. Kijana wa Kikenya yeyote pale mjini akitaka kuoa, wazazi wako Kenya, hawezi kwenda peke yake kwa wakwe, basi anampigia Kariuki. Naye anavaa suti yake ya rangi ya maji ya bahari na kofia, anakwenda na wazee wenzake, anasimama, anazungumza hadi mkwe analainika. Nyambura alinihesabia posa zaidi ya ishirini, na hakuna hata moja iliyokataliwa. "Ananiboesha na hiyo speech," akasema. "Hata akiagiza nyama anaanza na 'sisi ni wasafiri.'"

Maktaba, keki na wazee walioandamana

Wiki mbili za kwanza nilifanya kazi kama punda. Maktabani walininyang'anya kalamu ya wino wakanipa penseli. Nikasoma magazeti hadi macho yakawa mekundu. Jioni nikawa naonana na wazee, mmoja baada ya mwingine, kumi na mmoja kwa jumla, wote wakarimu, wote wanakubali kinasa sauti bila tabu.

Na wote walikuwa wameandamana! Wote walikuwa upande wa haki, wote walilia siku rais wao alipouawa, wote walikuwa na rafiki mweusi. Ukiwaamini, muongo ule hakubaki mtu nyumbani wa kuchemsha viazi. Mzee wa tisa nilitaka kumuuliza, samahani baba, sasa aliyekuwa anabagua ni nani, paka? Adabu ikanizuia. Ila niliporudi Richfield nilibamiza mlango, watoto wakakimbilia chumbani.

Na aibu nilipata. Kanisa moja la Saint Paul walinialika chakula cha mchana, kile cha viazi na nyama ya kusaga vilivyookwa pamoja na supu ya kopo, kitamu kuliko kinavyosikika. Nyambura alikuwa amenionya: "Huku ukisema hapana, hawakurudii. Ukitaka kitu chukua mara ya kwanza." Basi keki ilipozunguka, kimebaki kipande kimoja, mama mmoja akanikaribisha, nikasema asante nikakichukua. Ukumbi mzima ukapoa. Ni mzee mmoja aliyeninong'oneza baadaye kwamba kwao unakataa mara mbili kwanza, na kile cha mwisho hakina mwenyewe, kinakatwa nusu, na nusu ya nusu, hadi kinakuwa makombo. Kumbe wana adabu za kwetu kabisa! Nilikosa pa kuuweka uso, na kipande chenyewe nilikuwa nimeshakila.

Zilipobaki siku tano niondoke, niliketi jikoni kwa Nyambura nikalia. Silii ovyo, mnanijua. Nililia kwa sababu nilikuwa na saa kumi na tisa za sauti na hamna mtu hata mmoja ndani yake.

Nyambura akaniambia, "Kuna Denise."

Denise ni nesi mwenzake. Mama yake, Lorraine, ni mzungu, mtoto wa shamba. Baba yake, Walter, alikuwa mtu mweusi wa Saint Paul, na alifariki miaka miwili kabla. Walioana mwaka sitini na tatu. Mnaelewa maana yake wakati ule? Nikafuta machozi kwa kanga nikasema nipe namba.

Denise alinieleza kwenye simu bila kunificha. "Mama hajawahi kutuambia walivyooana. Ukimuuliza anasema hakuna kilichotokea. Ameshawakatalia watu wawili waliokuja na vinasa sauti. Lakini nimemwambia kuna mgeni wa Tanzania, atakunywa naye kahawa. Alhamisi saa nane mchana, saa moja tu. Usimuulize habari za baba."

Alhamisi. Jumamosi naondoka. Na nisiulize.

Shakopee, ambako hakukuwa njiani

Mpango wangu ulikuwa kupanda treni ya umeme, mimi na mkoba wangu. Kariuki alinitazama kana kwamba nimesema nakwenda uchi.

"Sekela, huyo ni mtu mzima, mjane. Utaingiaje solo kama mtu wa kuuza insurance? Mgeni hujipeleka?"

"Shemeji, kwao ndivyo wanavyofanya."

"Na wewe ni wa kwao?"

Ikaamuliwa twende kama ujumbe: Kariuki, Nyambura, mimi, na mama mmoja mtu mzima, maana ujumbe bila mama mtu mzima si ujumbe. Mama huyo ni Mama Esperance, Mkongo wa Uvira, jirani yao wa kusali pamoja, mwanamke mnene, mpole hadi umguse pabaya. Kazini kwake ni kwenye ghala moja kubwa kule Shakopee. Saint Paul iko mashariki. Sisi, mnajua, tukaanza kwa kwenda kusini-magharibi.

Zamu yake inakwisha saa saba. Saa saba na nusu hajatoka. Saa nane kasoro kumi hajatoka, nami ndani ya gari nimeshakwisha kazi. Kwa joto nililokuwa nalo mngenitegea sufuria ningechemsha chai. Alipotokea, ametulia kabisa.

"Munisamehe. Gari ya mwenzangu ilikuwa imekufa batterie. Ningemwacha namna gani kwenye hii baridi?"

"Mama, tumechelewa!"

"Tumechelewa kufa?" Akaingia nyuma, akaniambia nishike kitenge kama pazia, akavua nguo za kazi akavaa gauni la kitenge la manjano na kilemba chake, gari linakimbia. Simu ya Denise haipokewi. Kwenye buti kuna sufuria ya kuku, chapati, chupa mbili za chai ya maziwa na kitenge cha zawadi. Tulibisha hodi Saint Paul saa tisa na dakika kumi. Saa yangu moja ilikuwa imekwisha kabla sijaingia.

Saint Paul, sebuleni kwa Bibi Lorraine

Alifungua mwenyewe. Kabibi kembamba, sweta la kijivu, macho makali. Akatutazama mmoja mmoja hadi kwenye sufuria.

"Niliambiwa mmoja," akasema.

Nyuma yake Denise amesimama mkono mdomoni. Nilianza kuomba radhi, lakini Mama Esperance alikwishampita, akamkumbatia, akaingia jikoni kutafuta sahani. Tukakaa. Ukutani juu ya kabati kuna picha ya mwanaume mweusi aliyevaa sare ya posta, anacheka. Kahawa ikamiminwa, kuku akapakuliwa, mazungumzo yakawa ya theluji. Dakika kumi theluji. Kariuki akamnong'oneza mkewe kwamba haifai, wageni hatujajitambulisha rasmi. Akasimama. Akavua kofia. Akafunga kifungo cha suti.

Nikaona midomo yake inavyojipanga nikajua tumekwisha.

"Mama," akaanza kwa Kiingereza chake cha suti, "sisi ni wasafiri. Tumetoka mbali, tumevuka mito na milima. Tukiwa njiani tulisikia kwamba katika boma hili kuna ua. Ua zuri, lililotunzwa vizuri. Nasi hatukuweza kupita bila kubisha hodi, kumuomba mwenye boma..."

"Kariuki!" Nyambura akamrukia. "Unaposa nani, na mimi nimekaa hapa?"

Maskini Kariuki! Alibaki mkono hewani. Kinywa chake kinajua njia moja tu, kikishavaa suti kinaifuata chenyewe. Denise haelewi. Mimi nataka ardhi ipasuke. Sura ya tano, kwaheri.

Bibi Lorraine akaweka kikombe chini. "Kijana, unataka kunioa?"

Ikabidi mimi nieleze, jasho linanitoka. Nikasema, Bibi, kwetu mwanaume haendi peke yake kuomba mke. Watu wake wanakwenda, na chakula, na msemaji. Wanajifanya wamepotea njia, wanajifanya wameona ua. Na watu wa msichana wana msemaji wao, wanajibizana. Shemeji yangu hiyo ndiyo hotuba pekee anayoijua. Tusamehe.

Alicheka, wenzangu. Alicheka hadi akashika mbavu, na Denise akacheka kwa kumwona mama yake anacheka. Kariuki naye akapata nguvu ya kukaa. Kisha bibi akafuta macho akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Na kama watu wa msichana hawafungui mlango?"

"Wanarudi siku nyingine," nikamwambia. "Hata mara tatu."

Akatikisa kichwa. Akaizungusha kahawa kikombeni. Mkono wangu ulikwenda mkobani kwenye kinasa sauti, na nashukuru Mungu nikauzuia, kwa mara ya kwanza katika safari nzima.

"Walter alikuja mara moja," akasema. "Peke yake. Alivaa suti ya kaka yake, akapanda basi hadi kijijini kwetu, akatembea maili tatu. Ilikuwa Julai. Mlango wa mbao ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, ule wa wavu umefungwa kwa kindoano. Baba alikwenda pale mlangoni. Hakutukana. Hakupaza sauti. Aliongea na Walter kupitia kwenye wavu, dakika kumi, habari za mvua na mahindi. Walter amesimama juani. Kisha baba akasema, 'Haya, usije ukakosa basi lako.' Kindoano hakukigusa."

"Na wewe, Mama, ulikuwa wapi?" Denise akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Jikoni. Nilikuwa nimeshamimina kahawa vikombe viwili. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Hakuna aliyeniuliza kitu, na mimi sikusema kitu. Nilimsikia akishuka ngazi." Akatazama mikono yake. "Kesho yake nilimfuata mjini. Tukaoana mahakamani, mashahidi ni karani na mtu mmoja aliyekuja kulipia leseni ya mbwa. Walter hakunilaumu hata siku moja, hadi anakufa. Mnaniuliza niwaambie nini? Waliopigwa wana hadithi. Waliochomewa nyumba wana hadithi. Kwangu hakuna kilichotokea. Baba alizungumzia mahindi, na mimi nilinyamaza."

Nililia, sioni haya kusema. Nyambura naye. Mama Esperance, ambaye Kiingereza chake ni cha ghalani, alikuwa ananivuta mkono: "Anasema nini? Niambie yote." Nikamtafsiria yote, hadi mbwa.

Akasikiliza. Akaniuliza, "Na bandugu yake bako wapi?"

Nikamuuliza Denise, kisha nikamjibu, "Hakuja mtu, Mama. Siku ile hadi leo."

"Famille nzima? Hata shangazi?"

"Hata shangazi."

Akainuka. Akachukua kiti chake, akavuka nacho sebule nzima, akakiweka ubavuni kwa Bibi Lorraine, akakaa, akakunja mikono, akamkazia Kariuki macho.

"Basi mi niko upande yake. Vraiment, kweli kabisa, muke hawezi kukosa batu hivi. Baba Kariuki, simama. Useme tena, ya huyu Walter. Na useme muzuri, sisi hatupeane binti ovyo."

Kariuki akanitazama. Nikamweleza bibi. Nilidhani atakataa, tena nilikuwa naogopa ni dhihaka kwa marehemu. Yeye akajiweka sawa sweta, akakaa wima.

Kariuki akasimama. Safari hii hakuharakisha. Alitaja jina la Walter, akaonyesha picha ukutani, akasema huyu kijana wetu alifika kwenu siku moja peke yake, lilikuwa kosa letu, tulipaswa kuja naye. Leo tumekuja. Na Mama Esperance, jamani! Alimkatalia mara mbili. Kijana ana kazi gani? Posta, Denise akajibu, alitembea na barua hadi goti likaharibika. Anasali? Anaimba kwaya. Anakunywa? "Krismasi tu," akasema bibi mwenyewe. Mama Esperance akasema binti yetu amekaa miaka mingi bila kuombwa, faini ya kuchelewa iko wapi? Kariuki akatoa kitenge. Mama Esperance akakipapasa, akakigeuza, akanung'unika kwamba rangi itachuja, akakipokea.

Kisha ikaja ile sehemu mnayoijua nyote, msichana anaposimamishwa. Mama Esperance akamshika bibi mkono akamwinua, akasema kwa Kiswahili chake, polepole, nami nikatafsiri neno kwa neno: "Binti yetu, hawa bageni wanasema wanakujua. Vitu vyao viko hapa. Tupokee, ao turudishe? Sisi hatuwezi kujibu. Ni weye unaulizwa."

Bibi Lorraine alisimama pale, ameshikilia egemeo la kiti. Denise akataka kumshika, Mama Esperance akamzuia. Mwisho bibi akanigeukia mimi.

"Kile kimashine chako kiko wapi?"

"Mkobani, Bibi."

"Kiwashe. Nataka isikike."

Nikakiwasha. Nikakiweka juu ya kabati, chini ya picha. Akakitazama kidogo, kisha akaacha kukitazama, akaitazama picha.

"Ndiyo," akasema. Halafu kwa nguvu zaidi, "Ndiyo. Fungueni mlango."

Vigelegele alivyopiga Mama Esperance vilisikika hadi kwa majirani, maana walichungulia. Nyambura akafuata, nami, na Denise akajaribu akashindwa akapiga makofi. Tulipotulia bibi akakaa, akasema sasa nataka kuwaambia habari za Walter. Akazungumza hadi chai ya maziwa ikaisha chupa zote mbili: nyumba waliyonyimwa, ile waliyoipata, kanisa lililowapokea, mtaa wa akina Walter ulivyobomolewa kupitisha barabara kuu, nywele za Denise ambazo hakujua kuzisuka hadi wifi yake alipomfundisha. Sikumuuliza swali hata moja.

Minneapolis hadi Iringa

Kurudi hakukuwa na la maana. Ndege ilichelewa saa sita kule Uholanzi, nikala chapati za Nyambura mbele ya watu bila aibu. Nilipofika Dar nilishikilia mkoba wangu kifuani kama mama wa Ilula na mayai yake.

Profesa alisikiliza sauti ile wiki iliyopita. Aliniita ofisini, akavua miwani, akasema sura ya tano imepona, na kwamba hajasikia ushahidi kama ule tangu aanze kazi. Nilitaka kumkumbatia. Ana sharti moja tu: nikate dakika mbili za mwanzo. "Shahidi hajataja jina, hakuna swali lililosikika, anasema 'ndiyo' mara mbili hewani, halafu kelele za wanawake. Haina maana yoyote kitaaluma. Anza pale anapotulia."

Nikamwambia, Profesa, kata maelezo yangu yote ukipenda, hata hitimisho. Hizo dakika mbili hazikatwi. Huyo bibi anamjibu mumewe.